Kizibo cha gobore kichaguliwe kwa baruti

Ndugu zangu mnaowinda kulungu kwa gobore huku Marekani huniuliza zaidi kuhusu darubini na risasi. Mimi huwa nawarudisha nyuma ya kasiba, kwenye kizibo. Ndicho kinachofunga mlipuko usikurudie usoni, na ndani yake mna tundu jembamba linalopitisha moto wa fataki, kile kidude kidogo kinachowaka kikigongwa, hadi kwenye baruti. Bunduki yako inaweza kuwa na kasiba safi na darubini ya bei mbaya, lakini tundu hilo likiwa limeziba au limepanuka, kulungu atakuwa ameshaondoka wakati wewe bado unasikiliza mlio wa fataki peke yake.

Kabla ya kuchagua kizibo, amua kwanza utatumia baruti gani. Watu wengi huanza kinyume chake, na kwa maoni yangu hapo ndipo fedha nyingi hupotelea. Baruti nyeusi hushika moto upesi. Pyrodex na Triple Seven, baruti mbadala wa hiyo nyeusi, zinataka moto zaidi kidogo, ila fataki namba 209 inaziwasha bila shida, na kizibo kilichokuja na bunduki kwa kawaida kinatosha. Blackhorn 209, nayo ni baruti mbadala, ni habari nyingine. Ni ngumu kuwaka, haitaki vifataki vidogo namba 11, na inahitaji kizibo ambacho njia yake ya moto ni fupi na inaelekea moja kwa moja kwenye baruti. Watengenezaji wa magobore CVA, kwa mfano, wamekuwa wakiuza kizibo cha pekee kwa ajili ya baruti hiyo. Kwa hiyo soma kitabu cha bunduki yako. Kama hakiitaji Blackhorn, tafuta kizibo kilichotengenezewa baruti hiyo na kinachoingia kwenye modeli yako hasa. Kizibo cha modeli jirani hakifai hata kama hesi zake zinaonekana kufanana.

Na baruti isiyo na moshi, ile ya kwenye risasi za kisasa, usiitie kamwe kwenye gobore ambalo mtengenezaji hakulijengea kazi hiyo. Kasiba inapasuka, na watu wameumia vibaya.

Yako magobore machache yaliyojengewa baruti hiyo, na linalojulikana zaidi ni Savage 10ML-II, ambalo halitengenezwi tena. Humo tundu la moto halikutobolewa kwenye kizibo chenyewe. Limo ndani ya bushi ndogo ya chuma inayofungwa kwenye kizibo na kubadilishwa ikichakaa. Ni mpango mzuri sana, kwa sababu joto na mgandamizo hula ukingo wa tundu kidogo kidogo, na bushi ni ya bei nafuu kuliko kizibo kizima. Tundu jipya huwa na upana wa karibu inchi 0.030. Likipanuka, gesi nyingi hurudi nyuma, fataki hutoka nyeusi tii, masizi hutapakaa hadi kwenye darubini, na risasi zilizokuwa zikikaa pamoja kwenye shabaha zinaanza kutawanyika. Wengi wakifika hapo hulaumu darubini. Pima tundu kwanza. Nunua biti nyembamba za drili zenye namba, tumia shina lake laini kama kipimo, na andika namba iliyoingia siku bushi ikiwa mpya. Siku biti nene zaidi itakapopita, badilisha. Usilitoboe tundu wewe mwenyewe ukidhani moto zaidi utasaidia. Utakuwa umeizeesha bushi kwa dakika moja.

Wenye bunduki za gumegume, zile zinazowashwa kwa cheche za jiwe, wana mambo yao, na hapa Pennsylvania tuko wengi, kwa kuwa msimu wa magobore wa baada ya Krismasi ni wa gumegume tu. Kwetu bushi hukaa ubavuni mwa kasiba, mkabala na kisahani cha baruti. Mafundi wa Uingereza wa zamani walikuwa wakiweka bushi za dhahabu, na baadaye za platini, kwenye bunduki za matajiri, kwa sababu madini hayo hayaliwi na moshi wa baruti. Leo chuma kisichoshika kutu kinatosha kabisa. Chagua yenye tundu la karibu inchi 1/16 na iliyochimbwa kama faneli upande wa ndani, ili baruti isogee karibu na cheche. Hakikisha haitokezi ndani ya kasiba, la sivyo itanasa kitambaa cha kusafishia. Kizibo kikubwa cha bunduki hizi, tofauti na zile za kisasa, hakikuwekwa ili kifunguliwe kila mara. Kiache. Kikihitaji kutoka, mpelekee fundi bunduki.

Usafi sasa. Kabla ya kugusa chochote, teremsha mdeki ndani ya kasiba na uangalie alama uliyoichora kuonyesha kasiba tupu. Usiamini kumbukumbu yako wala ya mwenzako. Mabaki ya baruti nyeusi na Pyrodex huvuta unyevu hewani na kuanza kula chuma usiku uleule, kwa hiyo fungua kizibo siku hiyohiyo, kitie kwenye maji ya moto yenye sabuni, sugua, kausha kabisa. Blackhorn haisikii maji. Inataka dawa ya kusafishia bunduki za kawaida. Tena huacha kaboni ngumu ndani ya njia ya moto ambayo brashi haiitoi. Hiyo itoe kwa biti ya inchi 1/8, uizungushe kwa vidole, polepole, mpaka uone chuma kinang'aa. Usifunge biti hiyo kwenye mashine, na usiisukume hadi kwenye tundu lenyewe la mbele. Kama kizibo chako kina oringi, yaani pete ya mpira ya kuziba, itazame pia: ikipasuka au ikigeuka ngumu, masizi hupenya na kuingia kwenye mtambo.

Halafu hesi. Zipake grisi ya kuzuia kukwama, yenye nikeli au shaba, kwa kuwa mafuta ya kawaida huungua na kizibo hushika kama kimechomelewa. Paka kiasi tu, na ufute itakayoingia kwenye tundu, maana grisi ndani ya njia ya moto ni sababu tosha ya bunduki kukataa. Kaza kwa spana yake mpaka kikae, basi. Na bunduki ikikataa porini, elekeza mdomo wa kasiba mahali salama na usubiri walau dakika nzima. Moto wakati mwingine huchelewa njiani.

Ukinunua gobore la mtumba, mwombe muuzaji akifungue kizibo mbele yako. Tazama hesi za pande zote mbili, chungulia tundu kwenye mwanga, pitisha biti yako ya kipimo. Kikigoma kufunguka, mshukuru na uende kwa muuzaji mwingine, hata kama bei yake ni nusu.