Maneti Inakataa Kompyuta Ikiamka? Anza na Kompyuta

Hapa Lubumbashi kompyuta ya mapajani hulazwa mara nyingi kuliko inavyozimwa. Umeme ukikatika Katuba, mtu anafunga kifuniko upesi ili betri imfikishe usiku. Umeme ukirudi anafungua, anashika maneti, kile kishikio kisicho na waya cha kuchezea michezo, na maneti haijibu. Hapo wengi hubadilisha pile (betri ndogo), huipigapiga, na wengine hukimbilia mjini kununua nyingine. Nawasihi, msitoe pesa kwanza. Maneti ambazo majirani huniletea, karibu zote ni nzima. Kilichoshindwa kuamka ni kipokezi cha redio kilicho kwenye kompyuta, yaani Bluetooth au kile kidogo cha kuchomeka USB.

Kijana mmoja wa jirani aliniletea yake: "Yaya, imekufa kabisa." Mpira wa vijiti ulikuwa umelika, lakini taa ilikuwa ikipepesa vizuri, na taa ndiyo ya kuangaliwa kwanza. Ikipepesa, maneti inatafuta kompyuta na haijaipata. Ikiwaka bila kupepesa, zimeshaungana, na tatizo huenda liko kwenye mchezo, kwa sababu michezo mingi ya zamani hutafuta maneti mara moja tu, inapofunguliwa. Funga mchezo, ufungue tena. Ukitaka uhakika, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika joy.cpl, kisha Enter. Kompyuta zetu nyingi ziko kwa Kifaransa, basi naandika maneno kama mtakavyoyakuta: chagua maneti yako, ingia Propriétés (sifa), usukume kijiti. Alama ikisogea pale, Bluetooth iache kama ilivyo.

Kama taa bado inapepesa, zima Bluetooth ya kompyuta, iwashe, halafu bonyeza kitufe cha katikati cha maneti. Wenye kipokezi cha USB wakichomoe na kukichomeka kwenye tundu jingine. Ikishindikana, chagua Redémarrer (anzisha upya), si Arrêter (zima). Tangu Windows 8, Arrêter kwa kawaida huhifadhi sehemu ya mfumo kwenye diski ili kompyuta iwake haraka, kwa hiyo hitilafu ya jana yaweza kuamka nayo. Redémarrer huanza upya kabisa.

Hayo yatakuokoa leo tu. Kesho umeme ukikatika utayarudia yote, kwa hiyo ondoa chanzo. Windows huzima vifaa ili kuokoa betri, na baadhi haviamki sawasawa. Bofya kwa kitufe cha kulia kwenye nembo ya Windows, fungua Gestionnaire de périphériques (orodha ya vifaa), kisha Bluetooth. Bofya mara mbili jina la adapta, yaani kipokezi chenyewe, ambalo mara nyingi lina neno Intel, Realtek au MediaTek, uingie Gestion de l'alimentation (usimamizi wa umeme). Utakuta kisanduku chenye alama: "Autoriser l'ordinateur à éteindre ce périphérique pour économiser l'énergie", yaani ruhusu kompyuta kuzima kifaa hiki ili kuokoa umeme. Ondoa ile alama, bofya OK. Wa kipokezi cha USB wafanye vivyo hivyo kwenye kila Concentrateur USB racine (kitovu cha matundu ya USB). Betri italiwa kidogo zaidi, na kwangu mimi inafaa kabisa. Kompyuta kadhaa mpya hazina ukurasa huo. Kwa hizo, jizoeze kuzima Bluetooth kabla ya kufunga kifuniko.

Kuna kisa kingine ambacho usingizi wa kompyuta husingiziwa bure. Huku maneti zinaazimana nyumba kwa nyumba. Maneti ya PlayStation ikichomekwa kwa waya kwenye konsoli (mashine ya michezo) ya jirani, inajifunga na konsoli hiyo na kuiacha kompyuta yako. Ikirudi nyumbani, ifute kwenye orodha ya Bluetooth, kisha shikilia kitufe cha PS pamoja na Share, au Create kama ni DualSense (maneti ya PlayStation 5), mpaka taa ipepese haraka, uiunganishe upya. Ya Xbox ina kitufe chake kidogo cha kuunganisha, juu karibu na tundu la waya.

Na ikiwa maneti inaungana lakini inakatika katikati ya mechi, tazama kilichochomekwa jirani na kipokezi. Vifaa vya USB 3.0, hasa diski za nje, hutoa kelele ya redio kwenye masafa ya 2.4 GHz, yale yale yanayotumiwa na Bluetooth. Hamishia diski upande wa pili wa kompyuta, au tumia waya mfupi wa USB kukisogeza kipokezi mbele, kielekee pale unapokaa.