Maji ya kisima yamegeuka rangi ya chai mbele ya muuza mashine

SWALI: Assalaam alaykum kaka. Niko Makunduchi, maji ya kisima chetu sabuni haitoi povu na birika limeganda weupe ndani. Juzi wamekuja vijana na mashine ya maji ya alkali, wakatumbukiza vyuma vyao vya umeme kwenye maji yetu yakawa rangi ya chai, kwenye maji yao hamna kitu. Wanasema ule ndo uchafu tunaokunywa, na maji yao yanatoa asidi mwilini, na mama ana vidonda vya tumbo na presha. Bei milioni na laki mbili. Tununue?

JIBU: Waalaykum salaam dada yangu. Msinunue.

Ile chai haikutoka kisimani, imetoka kwenye chuma chao. Maji ya kisima yana chumvichumvi kwa hiyo yanapitisha umeme, umeme ukipita chuma kinaliwa, ulichokiona ni kutu. Maji yao yamechujwa mpaka hayana kitu, umeme haupiti, basi yanabaki meupe. Walikuja na mchezo huohuo barazani kwa shangazi yangu Bwejuu, nikaomba gilasi ya maji yao "safi", nikatia chumvi ya jikoni ncha ya kijiko, nikawaambia haya tumbukizeni tena. Kwanza ukashuka uzi mwembamba wa njano kutoka kwenye chuma, halafu wingu, halafu chai ya rangi kabisa. Kijana akakunja waya wake kimya.

Weupe wa birika ni chokaa tu, mana nyie mmekaa juu ya jiwe la matumbawe, mvua inapita kwenye udongo inachukua hewa ya kaboni, inalila jiwe kidogo kidogo na kushuka nalo kisimani, ukichemsha ile hewa inatoka na chokaa inaganda. Tia siki ulaze usiku mmoja. Sabuni nayo inashikana na chokaa kwanza ndo mana povu hulioni. Kunywa hiyo chokaa hakudhuru. Na hiyo tabia ya maji kuyeyusha vitu ndo inayotuweka hai, molekuli yake upande mmoja ina chaji hasi kidogo na upande wa pili chanya, kwa hiyo inang'oa chumvi na sukari na kuzibeba, maji yangekuwa kama mafuta damu ingebeba nini?

Sasa hii "asidi mwilini" ndo inayonichosha, kila wiki naulizwa. Tumbo Mungu kaliumba na asidi kali, pH 2 hivi (pH ni kipimo: chini ya 7 ni asidi, juu ya 7 ni alkali), na kila namba moja ya pH ni ukali mara kumi. Piga hesabu: alkali ya lita nzima ya maji matupu ya pH 9 inamalizwa na mililita moja ya asidi ya tumbo, matone ishirini! Na damu inakaa 7.35 mpaka 7.45, kazi ya mapafu na figo hiyo, ingekuwa inafuata unachokunywa basi ndimu moja ya urojo ingetuua sote. Tena maji yenu ya chokaa kwa kawaida yako upande wa alkali kidogo bila ya kulipa senti.

Vidonda vya tumbo vingi vinaletwa na bakteria au vidonge vya maumivu, vina dawa hospitali. Nnachokiogopa mimi si hiyo pesa, ni watu wanaoacha dawa za presha kwa sababu muuza mashine kawaambia maji yanatosha, na nimeshawaona, mmoja karudi mdomo umekwenda upande. Hawa leo watasema alkali, kesho maji "yaliyopangwa" kwa sumaku, wakati molekuli za maji zinashikana na kuachana mara mabilioni kwa sekunde moja, utapanga nini hapo?

Hatari ya kisima chenu si chokaa, ni hii: jiwe la matumbawe lina matundu, maji machafu yanatembea ndani yake bila ya kuchujwa, na yanaweza kufika kisimani meupe pee hayana harufu wala ladha na yana kipindupindu. Chemsheni ya kunywa. Halafu kuna kitu hujaniambia: choo chenu kiko hatua ngapi kutoka kisimani?