Mtutu Umepakwa Mafuta, Mbona Umeshika Kutu?

Barua tatu za mwezi huu zote zinahusu bunduki za kushindilia, yaani zile zinazojazwa baruti na risasi kwa mdomoni, ambazo wengi wetu tumezoea kuziita magobore.

SWALI: Ndugu Fundi, salamu nyingi. Ninaishi Lexington, Kentucky, na huu ni mwaka wangu wa nane huku. Wenzangu kazini walinishawishi tuwinde kulungu pamoja katika msimu wa bunduki za kushindilia, nami nikanunua moja iliyokwisha kutumika, ya muundo wa Hawken, ya fataki (kile kikofia kidogo cha mlipuko kinachopigwa na nyundo), yenye mifuo, yaani michirizi ya kuzunguka ndani ya mtutu, na tundu la nusu inchi. Mwezi wa Desemba nilipiga kama risasi kumi na tano kwa siku moja. Jioni nilipitisha vitambaa vilivyolowa mafuta ya injini mpaka vikatoka karibu vyeupe, nikaongeza mafuta mengine, kisha nikaitia bunduki katika mfuko wake wa ngozi. Baada ya wiki tatu nilipitisha kitambaa kikavu, kikatoka na rangi ya tofali. Maji sikuyagusa kabisa, kwa sababu tangu utoto nimeambiwa kwamba maji na chuma havipatani. Nilikosea wapi, na je, mtutu wangu umekwisha?
— *Msomaji, Lexington*

JIBU: Ndugu yangu, hukukosea kwa uvivu, maana vitambaa ulivyovipitisha ni vingi kuliko wanavyopitisha wengi. Ulikosea kwa kuyaogopa maji.

Baruti nyeusi ni mchanganyiko wa shura, makaa ya mti na kiberiti, na uwiano uliozoeleka ni sehemu 75 za shura, 15 za makaa na 10 za kiberiti. Inapowaka, chini ya nusu ya uzito wake ndiyo inayogeuka gesi ya kuisukuma risasi. Iliyobaki ni chembe ngumu, ambazo baadhi huruka nje kama ule moshi mweupe mzito na nyingine huganda ndani ya mtutu. Masizi hayo si kama masizi ya chungu cha kuni. Yamechanganyika na chumvi za potasiamu, na chumvi hizo huvuta unyevu kutoka hewani kama ile chumvi ya jikoni ambayo wakati wa masika huikuta imelowa ndani ya kibakuli ilhali hakuna aliyeimwagia maji. Chuma kilichofunikwa na chumvi iliyolowa hakingoji wiki tatu; mara nyingi kutu huanza usiku uleule.

Mafuta hayaziyeyushi chumvi hizo. Ukitaka kuhakikisha, koroga kijiko cha chumvi katika kikombe cha mafuta ya kupikia, ukiache mpaka asubuhi, na utaikuta chumvi yote imetulia chini. Kwa hiyo vitambaa vyako vilibeba weusi wa makaa, ambao macho yanauona, vikaiacha chumvi isiyoonekana katika pembe za mifuo, kisha ukaifunika kwa mafuta. Ni kufunga mlango mwizi akiwa ndani. Mfuko wa ngozi nao ukakamilisha kazi, kwa kuwa ngozi hushika unyevu na haiuachi upesi. Ni chombo cha kubebea bunduki, si cha kuihifadhia.

Kabla ya kugusa chochote, hakikisha kwamba bunduki haina kitu ndani. Usichungulie mdomoni. Chukua mdeki, yaani ile fimbo ya kushindilia, uutumbukize mpaka ugote, uuwekee alama ya penseli pale unapokutana na mdomo wa mtutu, kisha uutoe na uulaze kando ya mtutu kwa nje, alama ikiwa sawa na mdomo. Ncha ikifika usawa wa kifa, yaani kile kichuchu cha nyuma kinachovikwa fataki, mtutu ni mtupu. Ikiishia kabla ya kifa kwa upana wa vidole viwili au vitatu, kuna baruti na risasi zinazokungoja. Jambo hili huwapita hata wazoefu. Baada ya mapigano ya Gettysburg mwaka 1863, kwa hesabu inayonukuliwa mara nyingi, bunduki zaidi ya 27,000 ziliokotwa uwanjani na takriban 24,000 kati yake zilikuwa bado zimeshindiliwa, nyingine mara mbili na zaidi.

Bahati yako ni kwamba muundo wa Hawken ulitengenezwa kana kwamba aliyeubuni alijua taabu ya kuosha. Mtutu haukupigiliwa kwenye mti. Umeshikwa na kabari moja au mbili zinazopita ubavuni na ndoano iliyo nyuma. Weka nyundo ya bunduki katika nusu kikoko, yaani ivutwe nusu tu, sukuma kabari zitoke, inua mdomo wa mtutu taratibu, na mtutu wote utachomoka. Kiziba cha nyuma usikifungue, kwa sababu kimekazwa kiwandani na kukilegeza nyumbani ni kujitafutia balaa. Kifa kifungue kwa spana yake na ukitie katika kikopo cha maji ya sabuni.

Sasa chukua ndoo yenye maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo ya kuoshea vyombo, usimamishe mtutu ndani yake, upande wa nyuma ukiwa chini na tundu la kifa likiwa limezama. Funga kitambaa cha pamba kwenye ncha ya mdeki, kilowe, ukitumbukize kwa mdomoni, halafu vuta na sukuma kama unayejaza upepo gurudumu la baiskeli. Ukivuta, maji hupanda kupitia tundu la kifa. Ukisukuma, yanatoka yakiwa meusi kama wino na yenye harufu ya yai lililooza, ambayo ni harufu ya kiberiti kilichokuwa katika baruti. Badilisha maji yakichafuka, badilisha na kitambaa, na usitosheke mpaka maji yatoke kama yalivyoingia. Malizia kwa maji safi ya moto, lakini yasiwe yanayotokota: maji ya kutokota hukausha chuma upesi kiasi cha kukiachia utando mwembamba wa kutu ya papo hapo, nawe ukabaki ukidhani hukuosha.

Kausha kwa vitambaa vitano au sita, kimoja baada ya kingine, mpaka cha mwisho kitoke kikavu kabisa. Kisha simamisha mtutu kwa dakika chache ili joto lake lifukuze unyevu uliojificha kwenye uzi wa kifa, na ungali na uvuguvugu pitisha kitambaa chenye mafuta ya bunduki. Hapo ndipo mafuta yanapokuwa na kazi. Kitambaa kilowe tu, kisichuruzike. Kagua kesho yake kwa kitambaa cheupe, kisha kagua tena baada ya wiki. Rangi ya kijivu isikutishe. Ukiona rangi ya chungwa, chumvi bado imo: rudia kuosha kwa maji, kukausha na kupaka mafuta.

Bunduki ihifadhi mdomo ukielekea chini, juu ya kipande cha gazeti, ili mafuta ya ziada yasitiririke nyuma na kuziba njia ya moto. Siku ya kuwinda, yafute mafuta yote kwa vitambaa vikavu, kisha, kabla ya kutia baruti, fyatua fataki mbili tupu mdomo ukiwa karibu na jani la nyasi, ukielekea mahali salama. Jani likitikisika, njia iko wazi. Lisipotikisika, usishindilie chochote mpaka umezibua.

Kuhusu mafuta ya injini, na mafuta yote yatokanayo na petroli, ubaya wake ni kwamba yakikutana na moto wa baruti nyeusi hugeuka utando mgumu unaofanana na lami. Ndiyo maana risasi na viraka vyake, yaani vitambaa vidogo vinavyoizungushia risasi, tangu zamani hupakwa mafuta ya kondoo yaliyochanganywa na nta ya nyuki, ambayo huyalainisha masizi badala ya kuyagandisha. Jambo hilo la mafuta liliwahi kutikisa dola: fununu kwamba risasi za bunduki ya Enfield zilipakwa mafuta ya ng'ombe na nguruwe zilichangia kuwasha maasi ya askari wa Kihindi yaliyolipuka Meerut, India, tarehe 10 Mei 1857.

Hukueleza ulitumia baruti gani. Kama ni mbadala kama Pyrodex, osha kwa bidii maradufu, kwa maana ina perkloreti ya potasiamu, na ikiungua huacha kloridi, ambayo ni ndugu wa chumvi ya bahari. Baruti ya kisasa isiyo na moshi haitiwi kabisa katika bunduki ya namna hii, itapasua mtutu.

Je, mtutu umekwisha? Sidhani. Ukishauosha kama nilivyoeleza, pitisha brashi ya shaba nyeusi yenye mafuta mara ishirini hivi, ufute, halafu sukuma kitambaa kilichobana na usikilize mkono wako. Kikiteleza sawasawa kutoka mwanzo hadi mwisho, kutu ilikuwa ya juujuu. Kikinasa mahali fulani na kurudi na nyuzi zilizokatika, kuna vishimo. Vishimo vidogo karibu na mdomo vitakusumbua wakati wa kuosha tu. Vilivyo nyuma, pale baruti inapowakia, mpelekee fundi avione kabla hujapiga tena.

SWALI: Shikamoo Mzee Fundi. Katika nyumba ya marehemu babu yetu, Tanga, tumekuta gobore la zamani limetundikwa ukutani. Limekuwa la kahawia lote. Mdogo wangu anataka kulisugua kwa msasa mpaka ling'ae. Tumwache?
— *Msomaji, Tanga*

JIBU: Marahaba. Msimwache, na msilishushe kwanza. Baruti nyeusi iliyokaa pakavu inaweza kuwaka hata baada ya miongo mingi, na gobore la ukutani mara nyingi lilitundikwa likiwa tayari kwa chui au nguruwe mwitu. Tena gobore ni silaha mbele ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, hata kama ni la babu. Nendeni kituo cha polisi mtoe taarifa, na mwombe litazamwe hapohapo lilipo na mtu anayejua kazi hiyo.

Likishathibitishwa kuwa tupu, na mkiruhusiwa kubaki nalo, msasa uwekeni kando. Rangi ya kahawia iliyo laini na kavu si adui. Mafundi wa zamani waliitia kwa makusudi, wakikiachia chuma kishike kutu kidogo kidogo, wakikisugua na kukipaka mafuta. Inayotafuna ni ile ya chungwa inayotoka unga mkononi. Hiyo iondoeni kwa kitambaa cha gunia na mafuta mepesi, kisha pakeni nta nyembamba, kwa kuwa upepo wa bahari hubeba chumvi na mafuta peke yake hunasa vumbi. Msilirudishe kwenye ukuta wa chokaa unaovuja jasho wakati wa masika.

Linaweza kuwa na umri mkubwa kuliko mnavyodhani. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulizuia kuingizwa bunduki za kisasa katika sehemu kubwa ya Afrika, lakini uliacha mlango kwa zile za gumegume, yaani za kuwashwa kwa cheche za jiwe, zisizo na mifuo, na hiyo ni sababu mojawapo ya magobore kuendelea kuonekana kwetu muda mrefu baada ya Ulaya kuyaacha. Mkikuta jiwe dogo limebanwa kwenye taya za nyundo yake, ni la namna hiyo.

SWALI: Ndugu Fundi, mzee mmoja tunayewinda naye hulamba kitambaa na kukipitisha kwenye mtutu kati ya mlio na mlio. Ni usafi au ni mazoea tu?
— *Msomaji, Columbus, Ohio*

JIBU: Ni usafi. Mate ni maji, nayo hulainisha masizi ili risasi inayofuata ishuke bila kugoma. Akipitisha kimoja kilicholowa, apitishe na kimoja kikavu, la sivyo ataitia unyevu baruti yake mwenyewe. Ila mwambie alambe kitambaa kipya kila mara. Kilichokwisha pita mtutuni kina mavumbi ya madini ya risasi, nayo ni sumu.