Bustani ya maua ya Kitulo nyumbani: nilivyofanya hapa Uyole

Mkuu, umeuliza kama unaweza kupata uani kwako Mbeya kipande kinachofanana na Kitulo, hifadhi ile ya nyanda za juu yenye maua ya porini, ili nyuki waifikie miparachichi yako. Inawezekana. Changu cha hatua kumi kwa sita kina mwaka wa nne sasa.

Kosa langu la kwanza lilikuwa samadi. Nilimwaga matoroli matatu, nikidhani maua ni kama mahindi. Mvua za Novemba zilipoanza, nyasi zikafika magotini na miche yote ikamezwa. Maua ya porini hayadai mbolea. Ukirutubisha, zinazofaidi ni nyasi.

Panda kwa mafungu, aina moja pamoja. Nyuki akianza na ua la aina fulani, huendelea na hilo hilo safari nzima. Nyuma niliweka maua yale marefu kama mwenge, mekundu juu, njano chini. Ndege chozi hawabanduki pale. Shubiri zinajaza pengo la kiangazi.

Mbegu nilipata kwa majirani na kando ya barabara. Tafadhali usichimbe kitu Kitulo. Ni hifadhi ya taifa tangu 2005, na orkidi za nyanda hizi zimeshachimbwa mno kwa biashara ya chikanda, chakula kinachotengenezwa kwa viazi vyake. Nikiona mashimo yale roho inaniuma.

Sasa hili wengi hawalijui: acha sehemu ya udongo mtupu inayopigwa jua la asubuhi, usiifagie wala kuimwagia saruji. Nyuki wengi wa porini hawana mzinga. Kila jike huchimba tundu lake ardhini. Februari iliyopita nilichuchumaa nikamwona mmoja akitua, miguu ya nyuma imevimba chavua ya njano. Akasita kwenye tundu lisilozidi unene wa penseli, akazama. Nilikaa pale mpaka chai ikapoa.

Kuhusu miparachichi: ua lake hufunguka mara mbili, kwanza likiwa jike, likafunga, kisha likiwa dume. Ndiyo maana linahitaji mdudu wa kuhamisha chavua kutoka ua jingine, na wadudu hao wawe jirani muda wote, si siku ya kuchanua tu.

Dawa ya nyanya ukilazimika, piga jioni nyuki wakisharudi, na usiguse kilichochanua.

Mbegu za ile mienge ninazo kopo zima. Ukipita Uyole nishtue, nikugawie.