Futa hiyo ya "wenye kasi watangulie"

Mkuu, nimesoma swali lako la kuongoza marafiki kwenye matembezi ya kupanda kilima, nikakwama pale kwenye mpango wako ulipoandika "wenye kasi watangulie, wengine watatukuta juu kilimani." Futa hiyo sasa hivi, kabla hujawatumia mpango huo wenzako kumi na mmoja. Mengine baadaye.

Sisi tulifanya hivyo hivyo. Tulikuwa na jamaa mmoja mjuaji, eti anaifahamu njia ile tangu utotoni: "Njia ni moja tu, hapotei mtu." Moja! Hatujaenda mbali, njia panda hiyo hapo. Kijia kimoja kinapanda, kingine kinateremka mtoni. Tuliotangulia tukapanda bila kuacha mtu pale. Wa nyuma wakashika cha mtoni kwa sababu ndicho kilichokanyagwa zaidi. Mimi nilikuwa mbele, najiona mwanariadha.

Juu tukasubiri. Tukapiga picha, tukasubiri tena. Simu hazishiki mtandao. Ndipo tukagundua tumegawana mali vibaya kuliko wanandoa waliotalikiana: ramani tunayo sisi, maji mengi wanayo wao, na mwenzetu mwenye pumu yuko kule huku dawa yake ya kuvuta iko mgongoni kwangu, maana nilijitolea kumbebea begi. Huo ndio wema wangu. Tukaona dawa ni kutuma wawili wakawatafute, na makundi yakawa matatu. Tulikuja kukutana barabarani gizani. Wote wazima, ila wapo wawili hawajasalimiana hadi leo. Mjuaji wetu anasema tatizo ni sisi hatukumsikiliza.

Sasa sikia. Anayetembea polepole kuliko wote anakaa mbele, nyuma tu ya anayeongoza njia, na mwendo wake ndio mwendo wenu. Ukimwacha mkiani, wenye kasi watamsubiri wakiwa wamekaa, na akitokea tu wanainuka na kuondoka. Wao wamepumzika, yeye hajapumzika hata mara moja tangu asubuhi, halafu mnamwita mvivu. Mkiani weka mtu mzoefu mwenye filimbi, asimpite yeyote hata kwa bahati mbaya. Kila njia panda mnasimama mpaka huyo wa mkiani aonekane. Kwa macho, mkuu, siyo "nimeongea naye kwenye simu." Mnahesabu vichwa, mnaendelea.

Halafu hiyo ya kilomita 18, kuondoka saa nne asubuhi na kurudi saa nane mchana, nani kakudanganya? Mpanda milima Mskoti, William Naismith, alitoa kipimo mwaka 1892 ambacho watu wanakitumia mpaka leo: saa moja kwa kila kilomita 5 hivi, na saa nyingine kwa kila mita 600 za kupanda. Kilima chako kikiwa na mita 600 za kupanda, ni zaidi ya saa nne na nusu, na hapo hakuna aliyekaa kunywa maji wala kufunga kamba ya kiatu. Naye alikuwa anawapigia hesabu watu wenye pumzi, siyo marafiki wanaopiga soga. Ondokeni alfajiri.

Viatu: visiwe vipya, basi. Filimbi, mkikwama, ni milio 6 ndani ya dakika moja, mnanyamaza dakika moja, mnarudia. Na kama kwenye kundi lenu yupo wa "njia ni moja tu", mbebeshe sanduku la huduma ya kwanza na umtembeze katikati, mbele haoni na nyuma haoni.