Muulize Mzee wa Reli: Juu baridi, chini jasho

SWALI: Shikamoo, Mzee wa Reli. Binti yangu anasoma London. Anasema juu watu wamevaa makoti mazito, lakini akishuka kwenye treni za chini ya ardhi anatoka jasho. Baba yake anasema ni ule moto wa ndani ya dunia tuliosoma shuleni. Ni kweli? Na kwa nini wasifunge viyoyozi?
Mama wa mwanafunzi

JIBU: Marahaba, mwanangu. Moto huo upo, ila treni za London hazijaufikia. Kituo cha chini kuliko vyote, Hampstead, kiko kina cha mita 58 na ushei. Hapo dunia inaongeza nyuzi joto moja au mbili, basi. Wanaopika ni treni zenyewe.

Treni imejaa watu, inakolea mwendo, mara inafunga breki maana kituo kingine hiki hapa. Nguvu nyingi iliyoikimbiza inageuka joto. Sasa mahandaki yale ya kina kirefu yametobolewa kwenye udongo wa mfinyanzi, na mfinyanzi hauachii joto upesi. Hukaa nalo kama mafiga kuni zikishazimwa. Mwanzoni mwa karne ya 20 udongo ule ulikuwa na nyuzi 14 hivi, hata matangazo yakawaita watu washuke chini kukwepa joto la kiangazi! Leo sehemu nyingi umepita nyuzi 20.

Mimi treni za njia ya Central, mojawapo ya hizo za kina kirefu, nimezipanda sana. Umesimama jukwaani, taa hujaziona, tayari upepo wa moto unakupiga usoni: treni inaziba handaki karibu lote, inasukuma hewa mbele yake. Jioni ukipenga kamasi, kitambaa cheusi. Vumbi la chuma hilo. Na waliojenga Central, iliyofunguliwa 1900, hawakuwa wajinga: vituo vingi waliviinua kidogo, treni ipande mwinuko ikiingia, iteremke ikitoka, breki zipate nafuu. Bado inachoma.

Kiyoyozi, mama, hakiui joto. Hulitoa ndani kikalimwaga nje, na nje hapa ni handaki lile lile, lenye kipenyo cha mita 3.5 hivi. Hata pa kuiweka mashine ni shida. Kinachonichekesha ni kwamba njia kongwe ndiyo yenye nafuu. Ile ya 1863 kutoka Paddington hadi Farringdon, ya kwanza duniani, ilijengewa injini za mvuke, kwa hiyo walichimba mtaro mpana chini kidogo tu ya barabara na kuacha matundu ya kutolea moshi. Treni zinazopita humo siku hizi zina viyoyozi.

Huko Islington, eneo mojawapo la London, tangu 2020, joto la handakini linavutwa kupitia shimo la kituo cha City Road, kilichofungwa 1922, na kupasha nyumba za watu. Hilo nalipenda kuliko viyoyozi.

Binti avue koti kabla hajashuka, abebe maji, na safari ikiruhusu achague njia zenye viyoyozi: Metropolitan, District, Circle, Hammersmith & City au Elizabeth. Akisikia kizunguzungu asivute mkono wa dharura treni ikiwa katikati ya vituo. Msaada hupatikana upesi zaidi kituoni. Ashuke kituo kinachofuata, awaone wahudumu.