Mfadhili anataka aplikesheni, mama zetu wana vitochi

*Dada, shikamoo. Mimi ni katibu wa kikundi chetu hapa Kigogo, upande wa bonde la Msimbazi. Tumesajiliwa, tuko wanachama 34, wengi ni kina mama wa vikoba. Mvua ikikaza tunagonga milango, tunahamisha wazee, maji yakishuka tunagawa magodoro. Sasa mfadhili ametuletea hela ya "teknolojia", na mshauri wake anataka tutengeneze aplikesheni ya tahadhari na tuposti Instagram kila siku. Mwenyekiti amefurahi mno. Mimi nawaza mama zetu wenye vitochi. Nikipinga nitaonekana mshamba. Nifanyeje?*
*Katibu, Kigogo*

Marahaba, mdogo wangu. Ushamba ungekuwa kula hela halafu Machi maji yaingie vyumbani huku aplikesheni iko kwenye simu ya mshauri.

Kabla hujamjibu mtu, subiri kikao chenu kijacho, kaa mkekani na daftari la wanachama. Muulize kila mmoja ana simu gani, usiku inalala kwa nani, na laini imesajiliwa kwa jina la nani. Hilo la mwisho usiliruke, mimi limenitia aibu. Shirika moja nililofanyia kazi tulituma meseji kwa kina mama wapatao 60 waje kuchukua vyandarua. Wakaja kumi na mmoja. Kumbe namba nusu zilikuwa za waume na watoto wao wakubwa. Laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole zilipoanza kufungwa Januari 2020, asiye na namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA) aliazima jina la shemeji au la mpangaji mwenzake, na daftari letu halikujua habari hizo. Baba mmoja alitufuata ofisini amekasirika, anataka kumjua huyo anayemwandikia mkewe "usikose kuja Jumamosi". Tulicheka baadaye, siku ile hapana.

Meseji ya kawaida msiidharau. Mwaka 2012 ilipoanza kampeni ya Wazazi Nipendeni, mjamzito alituma neno MTOTO kwenda 15001, bure, akawa anapokea ushauri unaoendana na umri wa mimba yake. Hakuhitaji bando wala simu janja. Waliobuni walianzia kwenye simu ambayo mama tayari anayo mkononi.

Kwa hiyo sehemu ya hela ombeni iwe ya meseji za jumla, na mjifunze kuziandika, maana nazo zina ufundi wake. Meseji moja ni herufi 160, nafasi zikihesabiwa. Jaribuni hii (TMA ni Mamlaka ya Hali ya Hewa): "TAHADHARI ya TMA: mvua kubwa leo usiku. Bondeni: pandisha vitambulisho na dawa juu, lala kwa jirani wa mlimani. Usipite darajani. Mjumbe yuko macho." Imeenea, na chenji imebaki. Ila msiweke kale kapicha ka wingu (emoji). Kapicha kamoja kanaishusha meseji hadi herufi 70, basi meseji ile ile mliyoiandika inakatwa vipande vitatu na mnalipia vitatu. Nilijua hilo bili ilipofika.

Tena chungeni maneno. TMA wana ngazi zao: angalizo, tahadhari, tahadhari kubwa. Wakisema angalizo, nanyi semeni angalizo. Mkiita kila manyunyu tahadhari kubwa, mvua ya tatu hakuna atakayenyanyua godoro.

WhatsApp iwekeni kwa wajumbe na vijana wenye simu janja, grupu dogo la kazi, la salamu za asubuhi liwe jingine. Kijana akiona mtaro umeziba apige picha na atume mahali alipo. Mjumbe anaipeleka serikali ya mtaa ikiwa na tarehe. Bibi asiyesoma mtumieni sauti kwenye simu ya mjukuu, na spika ya msikiti ipo.

Kama mshauri bado ana kiu ya teknolojia, mwambie ramani. Mwaka 2015 mradi wa Ramani Huria ulipoanza hapa Dar, wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliingia mitaani pamoja na wenyeji, wakachora nyumba, vichochoro na mitaro kwenye OpenStreetMap, ramani ambayo yeyote anaifungua bila kulipa. Nimewahi kuzunguka hivyo Tandale, nimeshika karatasi iliyochapwa ramani na kalamu, nyuma ya mjumbe mmoja mama wa makamo. Yule mama hakuwa na haja ya kifaa chochote. Anasimama kwenye ukuta, anaonyesha kwa kiganja: hapa yalifika gotini, kwa fulani kiunoni, kile choo kilikwenda chote. Sisi tunaandika. Mstari ulioachwa na matope kwenye chokaa ulikuwa unathibitisha maneno yake kila nyumba. Kazi kama hiyo wanachama wako 34 wanaiweza kwa wiki mbili, na mkienda kudai mtaro mnakwenda na karatasi mkononi.

Instagram posti mara moja kwa wiki, na semeni wazi kwenye ripoti kwamba ile ni ya wafadhili na ndugu walio mbali. Mwenyekiti mpe hiyo kazi, atafurahi na atawaacha mfanye nyingine.

*Mwandishi, habari za kazi. Shirika fulani lilikuja shuleni kugawa madaftari. Mwanangu wa darasa la tatu alipigwa picha na sasa yuko Facebook, jina kamili, shule, na maneno "yatima wa mazingira magumu". Mimi baba yake niko hai, nauza samaki Feri. Wenzake wanamwita yatima. Mke wangu anasema tunyamaze, madaftari ni msaada.*
*Baba Wawili, Temeke*

Pole, baba. Pokea madaftari na usinyamaze, hayo mawili hayagombani.

Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, inayofanya kazi tangu 1 Mei 2023. Sura na jina la mwanao ni taarifa zake, na kwa kuwa ni mtoto, mzazi ndiye wa kuombwa ridhaa. Waandikie barua fupi, weka picha ya ile posti na tarehe, taka waifute na wasahihishe ule uongo wa yatima. Nakala mpe mwalimu mkuu, naye ana maswali ya kujibu kuhusu nani aliruhusu kamera darasani. Wakikaidi, malalamiko yanakwenda Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Jirani zetu Kenya, mwaka 2023, kamishna wao wa data aliitoza shule moja faini ya Sh4,550,000 za huko kwa kuweka picha za wanafunzi mtandaoni bila ridhaa ya wazazi.

Nami nimepiga picha za namna hiyo, enzi ambazo mfadhili alitaka "sura yenye hisia". Zilipendwa sana. Siku hizi nikitaka ushahidi wa ugawaji napiga mikono, rundo la madaftari na karatasi ya sahihi, na mkaguzi wetu hajawahi kulalamika.

*Assalaam alaykum dada. Niko Muscat. Kila wiki grupu la nyumbani linaletewa mchango wa kisima, wa mgonjwa, wa madrasa, na namba ya kutuma. Nitajuaje upi wa kweli?*
*Mtoto wa Tanga*

Waalaykum salaam. Shirika lisilo la kiserikali (NGO) litakuwa na namba ya usajili, iombe, uiulize kwa Msajili wa NGOs. Ya mgonjwa au madrasa mtafute ndugu wa palepale aende kwa miguu. Halafu, kama hela inapita kwenye simu ya mtu huku, mwambie aingize ile namba na asome jina linalotokea kabla hajaweka namba ya siri. Likija jina la mtu binafsi wakati tangazo linasema taasisi, asitishe, akupigie.